Jembe la Siku ya Tatu

Hapo zamani za kale, na sisemi zamani za juzi, nasema zile za kale kweli, wanyama walikuwa na nyumba zao, vikao vyao na majungu yao kama sisi hawa. Nyamazeni basi. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele sioni cha kuchekesha.

Katika bonde la Malunde aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mnyama mdogo, kibonge, hana mkia, na mdomo wake haujui kufungwa. Sasa Pimbi ana tatizo moja tangu kuumbwa: mwili wake hupoa upesi. Asubuhi asipoota jua juu ya jiwe, hutetemeka mpaka meno yanagongana, ka-ka-ka-ka! Kwenu nyinyi kuota jua ni uvivu. Kwa Pimbi ni uhai.

Na jiwe alikuwa nalo, kubwa, bapa, limeelekea mawio. Babu yake aliota jua hapo, na baba yake vilevile. Mpaka siku Tembo alipowashwa mgongo.

Tembo ndiye aliyekuwa mkubwa wa bonde. Alipita pale, akajikuna kwenye jiwe, kwaru! kwaru! Akaona raha. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akaja na ndugu zake wote.

"Mjomba," Pimbi akamwambia, "hapa ni kwangu."

"Nani mjomba wako?" Tembo akang'aka. Wapo wanaosema Pimbi na Tembo ni ukoo mmoja, na Tembo akisikia hivyo hukohoa.

"Basi, mzee wangu. Watoto huota jua hapa asubuhi."

"Waote alasiri!"

"Alasiri jua liko upande wa pili, mzee."

"Si wahamie huko upande wa pili?" Tembo akasema, na ndugu zake wakaangua kicheko mpaka masikio yakawapepea.

Masika yale watoto wawili wa Pimbi walikufa kwa baridi. Nawaambia hivyohivyo, sipambi. Mkewe Nyamizi aliwazika chini ya mmea utambaao, akabaki na watatu. Tembo alituma rambirambi, kisha akaenda kujikuna.

Pimbi aliuma meno, akangoja.

Siku moja mchana, jua limewaka, anga ikatoa mlio. Ndiiii! Wanyama wakainua macho. Loo! Kitu cha mviringo kama chungu kimeinamishwa, kinang'aa, kinashuka polepole bila mbawa wala kamba. Tifu! Kikatua kwenye nyasi.

Ebo! Hapo ndipo ungejua nani ni nani. Simba, mwenye sauti kuliko wote, alipenya ndani ya matete. Bi Kiboko, mwenye mto, chubwi! Zikabaki pua mbili. Tembo alijificha nyuma ya mgunga mwembamba, tumbo limetokeza huku, makalio yametokeza kule, naye amefumba macho akiamini haonekani.

Na Pimbi? Pimbi aliona jiwe liko tupu. Tangu masika halijawahi kuwa tupu. Akapanda, akajilaza, akaota jua. Kama chungu kilikuja kuua, basi kimuue akiwa na joto.

Chungu kikafunguka. Wakatoka watatu, warefu, wembamba, ngozi yao inapitisha mwanga, hawana masikio. Wakamwona mnyama mdogo amelala juu ya jiwe kubwa, na wale wakubwa wote wamejificha. Wakasogea. Wakainama.

"Tiiri-tiiri-kuu," akasema wa mbele.

"Wewe Pimbi!" Simba akanong'ona kutoka kwenye matete. "Wanasema nini hao?"

Pimbi alitaka kusema hajui. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akaliona tumbo la Tembo nyuma ya mgunga, likitetemeka, na akawakumbuka wanawe. Akalimeza lile neno, akatoa jingine.

"Wanawasalimu."

"Wewe unaijua lugha yao?"

"Mimi hukaa juu ya mawe, Bwana Simba. Nani aliye karibu na mbingu kama mimi?" Pimbi akasimama, akajaza kifua hewa, akapiga ukelele wake ule wa kupasua masikio: "Kwiii! Kwi-kwi-kweee!"

Wageni wakainama tena. "Kuu-tiiri," wakajibu kwa heshima.

"Je? Je?" Tembo akauliza, jicho moja limefumbuka.

"Wanauliza Tembo yuko wapi. Huko juu, wanasema, sifa zake zimeenea. Hata nyota moja kubwa wameipa jina lake."

Kisha mgunga ukasogea pembeni, na Tembo akatoka, mkonga juu, anatembea kwa madaha.

"Nyota kubwa kiasi gani?" akauliza.

"Kubwa kuliko zote, mzee. Ila wana ombi dogo. Hili jiwe ndipo macho yao ya huko juu yanapotua kila asubuhi. Mwenye nyota akijikuna hapa, wao huona aibu kwa niaba yake."

"Kwani nani anajikuna?" Tembo akasema haraka. "Mimi? Nilipita tu. Lichukue jiwe lako!"

Basi jiwe likarudi. Asubuhi ile ya pili watoto watatu wa Pimbi walilala juu yake, tumbo chini, joto likawaingia mpaka wakaacha kutetemeka. Nyamizi aliwatazama akalia machozi ya furaha. Ujanja ungeishia hapo, mimi leo ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine. Lakini mnamjua mwerevu akishaonja.

Bi Kiboko alijikokota kutoka mtoni, maji yanachuruzika. "Pimbi mwanangu, na mimi wamenisemaje?"

"Wewe, Bibi? Wanasema kote walikopita hawajaona sura kama yako."

"Ai! Jamani! Kasema nani, huyu wa mbele au yule wa kando?"

"Wote watatu, Bibi. Na wanauliza kama ungewaachia akina Pimbi njia ya kwenda kunywa maji bila kuwakanyaga."

"Njia? Wapite! Wapite hata mgongoni kwangu!"

Simba naye akaja, anajifanya kapita tu. "Mimi sina haja ya kusifiwa," akasema.

"Bila shaka, bwana. Ndiyo maana sikutaka kukuambia kwamba ni ngurumo yako waliyoisikia huko juu, wakaifuata mpaka hapa."

Simba akageuka upande, akajifuta jicho. Tangu siku hiyo hakugusa mtoto wa Pimbi.

Hivyo ndivyo walivyovikwa kilemba cha ukoka, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akakiinamia kichwa mwenyewe. Wageni walikaa kando wakitazama. Waliona Pimbi akisema neno, Tembo anahama. Akisema neno, Kiboko anapisha. Akisema neno, Simba anainamisha kichwa. Hawana masikio, lakini macho walikuwa nayo.

Nyamizi ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

"Baba watoto, unajua hata neno lao moja?"

"La nini? Jiwe si tumepata?"

"Tumepata. Na siku watakaposema jambo la kweli, nani atatuambia?"

"Wewe nawe! Mgeni ana jambo gani la kweli? Anataka chakula na pa kulala."

"Hao walivuka mbingu, mume wangu. Hawakuvuka kwa ajili ya uji wa mtama."

Pimbi akacheka, akaenda kuwapelekea uji wa mtama.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenu ni maneno ya kumtania shangazi aliyekaa sana. Kule Malunde ilikuwa ni desturi, tena ya heshima. Siku ya tatu mgeni huitwa mbele ya watu wote, mwenye nyumba anampa jembe kwa mikono miwili, mgeni analima tuta moja tu, analirudisha jembe kabla ya chakula cha mchana. Wote wanapiga vigelegele. Tangu hapo si mgeni tena, ni mwenzao. Hakuna aliyewahi kukosea, maana hakuna mgeni aliyewahi kufika Malunde asiyejua jembe ni la kurudishwa.

Siku ya tatu wanyama wakakusanyika jiweni. Jembe lililetwa, mpini wa mninga, limepakwa mafuta.

"Mzee Tembo, mkubwa wetu," Bi Kiboko akasema, "wape wageni."

Tembo akalitazama jembe. Akawatazama wageni.

"Mimi... aa... mgongo unanisumbua. Bwana Simba atoe."

"Mimi sina mikono ya kushika mpini," Simba akasema.

"Basi atoe Pimbi!" Tembo akapaza sauti. "Yeye ndiye anayejua lugha!"

"Atoe Pimbi! Atoe Pimbi!" wote wakaitikia, na kila mmoja akarudi nyuma hatua moja.

Pimbi akapanda jiweni na jembe. Jamani, mnyama mdogo wa watu! Nchi nzima inamtazama, na wale waliomcheka wamesimama chini yake. Alijisikia mrefu.

Yule mgeni wa mbele akasogea. Lakini hakupokea kwanza. Alinyoosha kidole chake kirefu kwenye mto, kisha kwenye kilima, kisha kwenye jiwe, halafu akamwelekezea Pimbi. Akangoja. Akarudia tena: mto, kilima, jiwe, Pimbi. Akangoja. Akarudia mara ya tatu, polepole, kama mtu anayetaka kuwa na hakika.

"Wanasema nini?" Tembo akauliza.

Pimbi aliona macho yote yako kwake. Angefanyaje? Akatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Wanasema chakula chetu ni kitamu," akajibu, na akampa mgeni jembe kwa mikono miwili.

Wageni wote watatu wakapiga magoti. Wakauchukua mguu wa Pimbi, wakauweka juu ya vichwa vyao, mmoja mmoja. "Tiiri-kuu," wakasema. "Tiiri-kuu." Vigelegele vikapigwa. Nyamizi peke yake hakupiga.

Kisha mgeni akalishika jembe, lakini hakulima tuta. Aliliweka ncha chini, akaanza kuliburuta. Akaburuta kutoka jiweni mpaka mtoni, kutoka mtoni mpaka kilimani, akazunguka msitu wa migunga, akarudi jiweni, kutwa nzima bila kupumzika, na nyuma yake umebaki mstari mmoja mwembamba uliozunguka kila kitu.

"Hahaaa! Hawajui kulima hao!" Bi Kiboko alicheka mpaka akakohoa.

"Wameshika jembe kichwa chini!" Simba naye akacheka.

Jembe halikurudishwa mchana. Halikurudishwa jioni.

Siku ya nne, kumepambazuka tu, ndiiii! Vyungu saba. Ndiiii! Vingine saba. Tifu, tifu, tifu! Vikajaa bonde zima, ndani ya ule mstari, hata kimoja hakikutua nje. Wakatoka wageni wengi, na vyombo vyao, na wake zao kama walikuwa wake, na vitoto vyao virefu vyembamba. Wakaanza kuchimba. Na walianzia jiweni, maana hapo ndipo walipokabidhiwa.

"Hapana!" Pimbi akapiga ukelele. "Kwiii! Hapana, hapa ni kwangu!"

Wakainama mbele yake kwa heshima kubwa, wakasema "Tiiri-kuu," wakaendelea kuchimba. Jiwe likalia, pwaaa! Likapasuka vipande viwili.

Simba akaruka na ngurumo yake yote. Hawakumpiga. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Mmoja alimshika kwa kidole na gumba kwenye ngozi ya shingo, akambeba kama mama anavyombeba kitoto kinachochezea moto, akamweka nje ya mstari. Kisha akamletea maji ya kunywa.

Bi Kiboko wakamwinua na tope lake. Tembo, ndiyo, huyuhuyu mwenye nyota, wakamwinua wageni wawili tu, wakamtua taratibu upande wa pili wa kilima kwenye changarawe, wakamfuta vumbi. Mto ukaingizwa kwenye bomba lao. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyejeruhiwa. Kufikia adhuhuri Malunde haikuwa na mwenyeji hata mmoja ndani yake.

Huko kwenye changarawe hakukuwa na jiwe linaloelekea mawio, na upepo ulikuwa haukatiki. Siku mbili nzima wale wakubwa walimzunguka Pimbi.

"Waambie watoke!"

"Nimewaambia."

"Wamejibu nini?"

"Wamesema... wamesema watakaa kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wanamalizia. Wanakupa salamu, mzee."

Na Tembo alizipokea zile salamu! Nyie! Mnyama amefukuzwa kwake, amekaa kwenye changarawe, na bado alizipokea.

Asubuhi ya tatu Tembo alikuja tena. "Leo wanasemaje, Pimbi?"

Pimbi akafungua mdomo, uongo umeshaiva. Akageuka akamtazama mkewe. Nyamizi alikuwa amewafunika watoto kwa mwili wake. Wawili walikuwa wakitetemeka. Yule mdogo alikuwa ameacha kutetemeka tangu alfajiri, na Nyamizi alikuwa bado anamsugua miguu, anasugua tu, wala hakuinua uso.

"Sijui," Pimbi akasema.

"Hujui nini?"

"Sijui wanachosema. Sijui hata neno moja. Sikuwahi kujua. Niliwadanganya ili mnirudishie jiwe langu." Akalala chini, akafumba macho. "Haya, nikanyage. Nikanyage, mjomba, tumalize."

Akangoja mguu ushuke. Haukushuka.

"Nilijua," Tembo akasema.

Pimbi akafumbua jicho. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Umejifunzia wapi lugha ya mbinguni wewe, umezaliwa juzi kando ya jiwe, nakuona unakua?"

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

Tembo aliutazama mkonga wake. "Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hata huko juu wananijua," akasema. "Nilitaka iwe kweli. Nikisema wewe ni mwongo, na nyota inaondoka."

Bi Kiboko akatazama pembeni. Simba akaanza kulamba ukucha usio na uchafu.

"Mwenye akili hapa alikuwa nani?" Pimbi akauliza kwa uchungu. "Mimi nilidhani ninawachezea nyinyi."

"Inukeni," Nyamizi akasema. Alikuwa amekwisha kumfunga yule mtoto kwenye kitambaa. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mmoja wenu ashuke akakae karibu nao, ajifunze wanavyosema. Kweli kweli, si kwa kupiga kelele. Labda tukiwaeleza wataelewa."

"Neno hilo!" Tembo akasema. "Niende mimi, mkubwa."

"Wewe uende ili uwe mkubwa na huko pia?" Bi Kiboko akadakia. "Niende mimi. Mimi walinisifia sura."

"Si tumesema ulikuwa uongo?"

"Wa kwako ulikuwa uongo! Wa kwangu nani kasema?"

"Aende aliyefuatwa kwa ngurumo yake," Simba akasema.

Wakaanza kubishana. Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana, wakafanya kikao, wakavunja kikao, wakaunda kamati ya kumchagua wa kwenda. Mimi nilivyosikia, kamati hiyo haijamaliza kazi mpaka leo.

Nyamizi hakungoja. Alimzika mwanawe, akamwachia mumewe wale wawili awakumbatie, akashuka peke yake mpaka kwenye mstari. Akaketi hapo na kutega masikio. Hakupiga ukelele hata mmoja. Masika yakapita, kiangazi kikapita. Wageni wakamzoea, wakawa wanamletea uji wao.

Siku moja akapanda kilimani, amekonda, amebeba neno moja tu. Wote wakamkimbilia, Pimbi mbele.

"Umeelewa! Nini? Nini?"

"Lile 'tiiri-kuu' walilokuwa wakikuambia, mume wangu, kila walipoinama. Ulipowapa jembe. Walipolipasua jiwe. Walipotubeba kututoa nje."

"Lina maana gani? Ni tusi?"

"Si tusi," Nyamizi akasema. "Ni asante. Walituuliza mara tatu kama tunawapa nchi hii, ukatikisa kichwa. Tangu siku hiyo wanatushukuru."

Pimbi akakaa chini.

Nimewapa kama nilivyopewa, na fundisho lake ni moja: apendaye kusifiwa kuliko kuelewa, hushukuriwa akiwa nje ya nyumba yake.